Kimeng'enya Kilichopewa Jina la Maziwa: Kweli au Si Kweli?

"Jeni huchunguzwa ng'ambo, sisi tunapokea majibu." Si kweli. Panda matatu ya Waiyaki Way ushuke Uthiru. Hapo Kabete, kwenye maabara ya utafiti wa magonjwa ya mifugo, ILRAD, iliyoanzishwa 1973, ambayo leo ni ILRI, Onesmo ole-MoiYoi na wenzake walichapisha mwaka 1992 maelezo ya jeni ya kimeng'enya kiitwacho kasini kinasi 2. Waliitoa kwa Theileria parva, kimelea wa ndigana kali ya ng'ombe. Ile ya binadamu ilikuwa imechapishwa Marekani 1989.

"Kasini kinasi 2 ni kimeng'enya cha maziwa." Si kweli, ingawa jina lenyewe ndilo linalopotosha. Mwaka 1954 Burnett na Kennedy walikipima kwa kasini, protini ya maziwa, na jina likabaki. Kazi yake hasa ni kubandika fosfeti kwenye protini nyingine. Protini iliyobandikwa huamka, hulala au huhama, na kwa njia hiyo seli hupashana habari.

"Kimelea huiua seli aliyoingia." Si kweli, na hapa ndipo penye maajabu. Kupe mwenye kimelea akimng'ata ndama, baada ya siku kadhaa tezi za chini ya sikio huvimba. Chukua majimaji ya tezi hiyo uyatazame kwa hadubini: kimelea yumo ndani ya chembe nyeupe ya damu, na chembe hiyo ingali hai. Ikijigawa, naye hugawanyika, kila nusu ikaondoka na fungu lake. Chembe huzaliana ovyo kama saratani. Dawa ikimuua kimelea, zinaacha. Mwaka 1993 watu wa Kabete walionyesha kwamba kasini kinasi 2 imepanda sana ndani ya chembe hizo. Mwaka 1995, Seldin na Leder wa Harvard wakaifanya jeni yake ifanye kazi kupita kiasi kwenye chembe nyeupe za panya. Baadhi wakapata saratani ya limfu.

"Basi kinasi hiyo peke yake ndiyo chanzo." La. Kimelea huchezea njia nyingi za seli.

"Haya yanamhusu ng'ombe tu." Ndigana haimpati mtu, hilo ni kweli. Lakini kila mmoja wetu ana jeni ya kinasi hiyo, CSNK2A1, kwenye kromosomu ya 20, yenye maelekezo ya protini ya asidi amino 391. Mwaka 2016 madaktari walieleza watoto waliochelewa kuongea na kujifunza kwa sababu ya kasoro ndani yake. Kwa baadhi yao, herufi moja tu ilikuwa imebadilika.