Babu, mjukuu na kichwa cha treni: Raha ya kuunda, hatari ya kopo la rangi

Mwanza. Mtoto anayekulia Igogo hahitaji kitabu kumweleza treni ni kitu gani. Kata hiyo ya Wilaya ya Nyamagana imekaa kati ya vilima vya mawe na Ziwa Victoria, jirani na reli na Bandari ya Mwanza Kusini. Honi huisikia tangu akiwa mgongoni kwa mama yake.

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Tangu wakati huo, familia nyingi za mjini humo zimekuwa na baba, mjomba au babu aliyeendesha, aliyetengeneza au aliyepakia mizigo kwenye mabehewa. Bandarini ipo pia MV Umoja, meli yenye reli sitahani, ambayo humeza mabehewa na kuyavusha ziwa.

Si ajabu basi watoto kuunda treni zao. Kopo la maziwa hugeuka tangi, vizibo vya soda huwa magurudumu, malapa yaliyokatika huwa breki na waya huunganisha behewa na behewa. Nchi nyingine mchezo huu umekuwa sanaa ya watu wazima, ambao huunda vichwa vya treni vidogo vyenye kila kitu, kuanzia ngazi ya dereva hadi kutu iliyo chini ya tangi la mafuta.

Sanaa hiyo inaweza kufanyika sebuleni Igogo kwa gharama ndogo, na ina faida kwa afya ya mzee na ya mtoto. Hata hivyo, mzazi asipokuwa makini, mchezo huo huo unaweza kuingiza sumu ndani ya nyumba.

"Babu, mbona unaichafua?"

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Babu amestaafu kazi ya karakana ya reli. Tangu astaafu, siku zake zimekuwa ndefu: asubuhi redio, mchana usingizi, jioni barazani. Mjukuu wake wa miaka tisa yuko likizo. Siku moja wanaamua kuunda kichwa cha treni kwa bati, boksi na waya.

Jambo la kwanza ni vipimo. Mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuvielewa, na hapo ndipo hesabu za uwiano zinapopata maana. Reli ya zamani ya Tanzania ina upana wa milimita 1,000, yaani mita moja. Reli ya kisasa, SGR, ina milimita 1,435. Wanaounda treni ndogo duniani hupenda uwiano wa 1 kwa 87. Kwa kipimo hicho, reli ya SGR inakuwa na upana wa milimita 16.5, reli ya zamani milimita 11.5, na dereva mwenye urefu wa sentimita 174 anabaki na sentimita mbili tu.

Kwa kazi ya nyumbani ya bati na boksi, uwiano wa 1 kwa 50 ni rahisi zaidi. Kila mita moja ya treni halisi inakuwa sentimita mbili, na reli ya zamani inakuwa na upana wa sentimita mbili kamili. Kikokotoo hakihitajiki.

Baada ya siku nne umbo limekamilika na rangi imepakwa. Kichwa kinang'aa. Mjukuu anataka kukimbia nacho nje kuwaonyesha wenzake. Babu anachukua brashi, anachovya kwenye rangi ya kahawia iliyochanganywa na maji mengi, na kuanza kuipaka juu ya ile inayong'aa.

"Babu, mbona unaichafua?"

Hilo ndilo swali la kila anayeiona kazi hii mara ya kwanza. Jibu ni kwamba treni inayong'aa kila mahali haijafanya kazi. Ile iliyofanya kazi ina alama, na kila alama ina sababu yake.

Kusoma uchafu

Fundi wa kuchakaza treni ndogo huanza kwa kuangalia, kabla ya kushika brashi. Anajiuliza uchafu umetoka wapi na umeelekea wapi.

Juu ya paa la kichwa cha dizeli, kuzunguka bomba la moshi, pana masizi meusi yanayofifia kuelekea nyuma. Pembeni mwa mdomo wa tangi la mafuta kuna michirizi inayong'aa, kwa sababu mafuta humwagika wakati wa kujaza. Chini, kwenye magurudumu na fremu, kuna vumbi la kahawia, mchanganyiko wa udongo na chuma kinachosagika breki zinapokamata. Kutu hujitokeza kwenye kingo na pale rangi ilipochubuka, kisha mvua huiteremsha kwa mistari myembamba. Mistari hiyo hushuka wima, haiendi upande.

Ngazi na vishikio havina rangi kabisa. Mikono na viatu vya madereva vimeimaliza, chuma kinang'aa.

Kichwa cha mvuke kina alama zake. Panapovuja maji ya moto hubaki ukoko mweupe wa chumvichumvi, kama ule unaoganda ndani ya birika la chai.

Anayetaka kuona mfano mkubwa anaweza kufika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Pale vimehifadhiwa vichwa viwili vya mvuke vya daraja la 59 la Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Vilijengwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, katikati ya miaka ya 1950. Vilijengwa 34, vyote vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na vilifanya kazi ya kupandisha mizigo kutoka Mombasa kwenda Nairobi.

Viwili vilivyobaki vinaitwa Mount Gelai na Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania: Gelai karibu na Ziwa Natron, Shengena huko Upare. Kila kimoja kina urefu unaozidi mita 31. Kwa uwiano wa 1 kwa 50, mzee wa Igogo atahitaji meza ya kutosha kitu chenye zaidi ya sentimita 62.

Kazi yenyewe hufanyika kwa tabaka nyembamba. Rangi iliyozimuliwa hupakwa, kisha hufutwa kwa kitambaa kuanzia juu kwenda chini, ibaki kwenye mikunjo na pembe tu. Ikikauka, brashi iliyokaribia kukauka hupitishwa kwenye kingo ili kuonyesha mchubuko. Mwisho ni unga laini wa mkaa kwa ajili ya masizi na unga wa chaki kwa ajili ya vumbi. Kosa la wanaoanza ni kupaka kingi kwa wakati mmoja.

Mandhari hayana gharama. Mawe madogo yakipangwa vizuri yanakuwa vilima vya Igogo. Njiti za kiberiti zilizotumika zinakuwa mataruma, mchanga uliochekechwa unakuwa kokoto, na kipande cha bati lililonyooshwa kinakuwa paa la nyumba ya kilimani.

Faida kwa mzee

Mwaka 2023 jarida la kitabibu la Nature Medicine lilichapisha utafiti ulioongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha London (UCL). Ulitumia taarifa za watu zaidi ya 93,000 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea katika nchi 16. Wenye shughuli wanayoipenda nje ya kazi walikuwa na dalili chache za sonona, na waliripoti afya bora, furaha na kuridhika zaidi na maisha.

Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kuwa shughuli ndiyo iliyoleta furaha, kwa kuwa huenda mwenye afya njema ndiye anayepata nguvu ya kuwa na shughuli. Tena, nchi zilizohusishwa zilikuwa za Ulaya pamoja na Marekani, Japani na China. Hata hivyo, kinachoelezwa hakiko mbali na kinachoonekana barazani kwetu: mstaafu asiye na la kufanya huanza kunyamaza.

Kwa mtoto, kukata, kukunja na kupaka mstari mwembamba huzoeza vidole na macho kufanya kazi pamoja. Humfundisha pia kusubiri rangi ikauke.

Hatari iko hapa

Turudi kwa babu na mjukuu. Rangi nyekundu imeisha. Babu anakumbuka kopo lililobaki stoo tangu geti lilipopakwa rangi, miaka mingi iliyopita. Halina lebo. Analifungua kwa bisibisi, analikoroga. Mjukuu anapaka, anajipangusa vidole kwenye kaptula, kisha anachukua kipande cha muhogo.

Hapo ndipo mama mtu anatakiwa asimame mlangoni na kusema, "Baba, subiri kwanza."

Rangi nyingi za mafuta, hasa za zamani, ziliwekewa madini ya risasi ili zing'ae, zikauke haraka na zidumu. Nyekundu, njano na chungwa ndizo zinazotiliwa shaka zaidi. Kwa macho huwezi kujua kama rangi ina risasi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kiwango kisizidi sehemu 90 kwa kila milioni katika rangi, na linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Mtoto mdogo yuko hatarini kuliko babu yake. Kwa mujibu wa WHO, mwili wake unaweza kufyonza risasi iliyomezwa mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Risasi hushambulia ubongo unaokua, hupunguza uwezo wa kujifunza na husababisha upungufu wa damu. Kwa mtu mzima huongeza hatari ya shinikizo la damu na ugonjwa wa figo. Huhifadhiwa kwenye mifupa, na mwanamke akipata ujauzito inaweza kurudi kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni.

Mara nyingi haina dalili mwanzoni. Mtoto anaweza kulalamika tumbo, kukosa choo, kuchoka au kuwa mkali bila sababu, mambo ambayo mzazi huyapa majina mengine. Kipimo cha damu ndicho kinachotoa jibu.

Mzazi afanye nini

Tumieni rangi za maji zenye lebo, kama zile za shule. Kopo la zamani lisilojulikana lisitumike kwenye kitu kitakachoshikwa na mtoto. Msikwangue wala kusugua kwa msasa mkavu bati lenye rangi ya zamani, kwa sababu vumbi lake ndilo linaloingia mdomoni na kifuani.

Waya wa kulehemu nao mara nyingi una risasi. Kazi hiyo aifanye mtu mzima, nje, mtoto akiwa mbali. Unga wa mkaa na chaki utwangwe penye hewa, mkiwa mmevaa barakoa, na meza ifutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kupulizwa.

Msiweke tina, petroli au mafuta ya taa kwenye chupa ya maji au soda. Mtoto akinywa, msimtapishe, kwa kuwa mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu wakati anatapika. Mpelekeni hospitali mara moja, pamoja na chupa hiyo. Vitu hivyo pia visifunguliwe karibu na jiko au kibatari.

Betri ndogo za mviringo, sumaku na vipande vidogo vikae mbali na watoto wadogo. Betri ya aina hiyo ikikwama kooni inaweza kuunguza ndani kwa saa chache.

Kunaweni mikono kwa sabuni kabla ya kula, na msile kwenye meza ya kazi. Mlo wenye madini ya chuma na kalisi hupunguza kiasi cha risasi kinachofyonzwa, na hapa Mwanza dagaa na mchicha havipo mbali. Chakula hakimtibu aliyekwisha kuathirika, ila ni kinga ya ziada.

Babu ambaye macho yameanza kumsumbua apime na kuvaa miwani, afanye kazi penye mwanga na anyanyuke kila baada ya muda kunyoosha shingo.

Na mtoto anayetaka kuangalia masizi ya treni halisi asitumwe peke yake relini. Aende stesheni akiwa na mtu mzima, akae mbali na njia.

Jioni barazani

Katika nyumba ya mfano wetu, kopo la stoo limefungwa na kuwekwa juu, pasipofikika. Muhogo umetupwa, mikono imenawiwa. Kesho yake babu ananunua rangi ya shule, na wekundu wake umepauka kidogo. Anasema hivyo ndivyo injini ilivyokuwa, jua la Tabora lilikuwa limeila.

Mjukuu haulizi tena kwa nini kinachafuliwa. Ameshika brashi yeye mwenyewe na anauliza swali jingine: mafuta yalikuwa yakimwagikia upande gani?

Babu anaweka miwani vizuri, anakigeuza kichwa cha treni mkononi na kufikiri kwa muda. Kisha anaanza kueleza, na redio inazimwa ili asikike.