Hofu ya Ndege Isimnyime Mzazi Hijja Yake

Bibi mmoja wa Tanga alikwisha kulipia safari ya Hijja, aandamane na kaka yake. Alihudhuria mafunzo ya ibada, akashona hata mavazi yake. Zikiwa zimesalia siku tisa, akamwita mwanawe: "Mwanangu, nenda wewe ukanihijie. Ndege siiwezi." Mwana akacheka, wajukuu wakacheka. Bibi akanyamaza, na usiku ule hakula.

Wengi huiita hali hii udhaifu wa imani. Wanakosea. Sura Taha inatueleza kuwa hata Nabii Musa (AS) aliingiwa na hofu nafsini mwake mbele ya kamba za wachawi, ilhali ameshapewa utume. Mzee akiambiwa kuwa haamini kwa sababu anaogopa, ataificha hofu yake, nayo itakua. Tena mwenye afya na uwezo hahijiwi faradhi yake na mtu mwingine. Kicheko cha nyumba ile, basi, kilikuwa kinagusa nguzo ya dini ya mzazi wao.

Aliyemfaa ni mke wa mwanawe, ambaye alipata kusafiri. Aliketi naye mkekani, akamsimulia safari yote. "Mama, baada ya kupaa utasikia kishindo chini ya miguu, ni magurudumu yanakunjwa. Kisha injini zitapunguza sauti, uhisi kama tunaanguka. Hatuanguki, nguvu ile ya kupaa haihitajiki tena." Akamfafanulia kuwa mtikisiko ni mawimbi ya hewa, kama yale ya bahari yanavyoipandisha na kuishusha mashua.

"Mashua nayaona maji yake," bibi akajibu. "Hewa siioni."

Hapo ndipo hofu ilipo hasa: kutoona, na kutokuwa na la kufanya. Kwa hiyo mkwewe akampa la kufanya. Amwombe kiongozi wa msafara kiti karibu na mabawa, ambako mtikisiko hupungua. Mkanda asiufungue. Avute pumzi polepole, aitoe polepole zaidi, na kila pumzi aiambatanishe na dhikri. Dua ya kupanda chombo, iliyomo katika Sura Zukhruf, aihifadhi mapema. Kutoka Dar es Salaam hadi Jeddah ni zaidi ya kilomita 3,000, lakini kwa ndege ya moja kwa moja ni takriban saa tano, muda usiopishana sana na wa basi kutoka Tanga hadi Dar es Salaam. Hilo la basi, nadhani, lilimtuliza kuliko yote.

Ziko familia zinazowapa wazee vidonge vya usingizi. Tahadhari! Vidonge hivyo vinaweza kumchanganya mzee akili na kumwangusha. Daktari aulizwe kwanza. Na kuna jambo la ibada: anayeruka moja kwa moja hadi Jeddah huifikia mikati akiwa angani, na hutangaziwa humo ndani. Aliyelala fofofo anaweza kuipita bila kunuia ihramu, akalazimika kurudi au kuchinja. Anayehofia kupitiwa na ashauriane na kiongozi wake juu ya kunuia mapema.

Bibi alikwenda. Ndege ilipoanza kukimbia alimshika mkono kaka yake, ambaye wiki zote zile alikuwa akijigamba kuwa haogopi kitu. Kiganja cha mzee kilikuwa kimelowa jasho. Ikawa bibi ndiye anayemfundisha kuvuta pumzi.