Katuni za kale si karatasi za kufungia karanga

Karatasi kuukuu huku Siongiroi hununuliwa kwa kilo, na mizani haichagui. Kitabu cha hesabu cha mwaka juzi na gazeti la kabla ya Uhuru ni bei moja. Nasema hivi kwa sababu mzee jirani yangu, aliyefanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho miaka ya 1970, alikaribia kuuza katoni mbili za vitabu vya katuni alivyokuwa akinunua kila mwisho wa mwezi. Kuna karo ya mjukuu, na mnunuzi alikuwa tayari mlangoni. Kwa kuwa mimi ni mtu wa Mombasa niliyeletwa huku na kazi ya ualimu, na wanajua nasoma kila kitu chenye Kiswahili, akaniita: "Mwalimu, hebu angalia kwanza kabla hajapima."

Niliangalia siku mbili nzima. Ninayoandika hapa nawaandikia nyinyi wa Pwani, maana najua katika nyumba zetu za Mji wa Kale, Lamu na Tanga yamo masanduku kama hayo uvunguni.

Kwanza, ujue ulicho nacho. Vile vitabu vya picha za kupigwa, si za kuchorwa, vyenye jamaa wa kofia na sigara aitwaye Lance Spearman, ni African Film la kampuni ya Drum. Vilisomwa Afrika nzima mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa 1970, na wengi wa rika la mzee wangu walivaa kofia kwa sababu yake. Watanzania nao wakatoa Film Tanzania, lililohaririwa na Faraji Katalambulla, yule yule aliyeandika Simu ya Kifo. Joe ni la Nairobi, lilianzishwa 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, kicheko cha mtu wa kawaida aliyebanwa na maisha ya mji. Hirst huyo huyo baadaye alichora Pichadithi, jina lililounganishwa kutoka picha na hadithi. Sani ni la Dar es Salaam, tangu 1978, na jina lake limetoka kwa waanzilishi wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Ukimkuta humo Komredi Kipepe aliyechorwa na Philip Ndunguru, shika kwa mikono miwili. Ndunguru alifariki 1986, kwa hiyo kazi yake si nyingi. Na kwa sisi wa Pwani, usipitwe na vya Sasa Sema vya miaka ya 1990: Abunuwasi wa Gado ni wa 1996.

Tatizo ni kwamba jalada mara nyingi limeng'oka, na tarehe imekwenda nalo. Hapo matangazo ndiyo mashahidi. Ukiona tangazo la East African Airways, nakala hiyo haizidi 1977, maana shirika lilikufa mwaka huo pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ukiona la Kenya Airways, ni 1977 au baadaye. Anwani inayosema Tanganyika huenda ni ya kabla ya Muungano wa 1964. Tafuta pia jina la mpiga chapa, kwa kawaida liko chini ya ukurasa wa mwisho kwa herufi ndogo sana. Na usidanganywe na fotokopi: chukua kioo cha kukuzia, picha ya rangi iliyopigwa chapa ina vitone vidogo vidogo vilivyopangwa, ilhali wino wa fotokopi hukaa juu ya karatasi na kung'aa kidogo ukiinamisha.

Thamani? Marekani, kitabu cha kwanza cha Superman, Action Comics cha 1938, kiliuzwa senti 10. Nakala moja ilinunuliwa 2024 kwa dola milioni 6. Msikimbilie kupiga hesabu, vya kwetu havina soko la namna hiyo. Lakini sababu ya bei ile ni ile ile iliyoko kwetu: vilikuwa vya bei rahisi, kila mtu akavitupa, vikabaki vichache. Mimi binafsi naona thamani kubwa iko kwenye maneno. Mle ndani mna Kiswahili cha vijiweni, matusi ya mapenzi na mizaha ya daladala ambayo hakuna kamusi iliyoyashika.

Sasa utunzaji, na hapa Pwani tuna kazi kuliko watu wa huku. Karatasi ya magazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa bila kuondolewa lignini yake, ndiyo maana ina asidi inayoila yenyewe kwa yenyewe. Jua huongeza kasi. Kwa hiyo usianike katuni juani hata kama imenuka koga. Ipepee kivulini, penye upepo. Unyevu ukizidi asilimia 65 hivi koga huanza, na Mombasa tunapita hapo karibu mwaka mzima, kwa hiyo sanduku lisigusane na ukuta wala sakafu, na lifunguliwe mara kwa mara. Huku Siongiroi nyumba nyingine huweka mahindi darini juu ya moshi wa jiko ili wadudu wasiyale. Kwa mahindi ni sawa, kwa karatasi moshi ni lami. Udi nao, mama zangu, uachieni kanga.

Pini za katikati zikishaota kutu, zing'oe polepole kwa kuzifungua kutoka ndani, usizivute. Selotepu marufuku: gundi yake hugeuka kahawia na kupenya. Kubandika plastiki kwa joto ni kuua, hakurudi nyuma. Tumia mfuko wa plastiki ngumu isiyonuka. Ile laini yenye harufu ya zulia jipya ina kemikali. Wadudu wakiingia, funga nakala ndani ya mfuko uliobanwa vizuri, iweke kwenye friza kwa wiki moja, kisha iache ipate joto la chumba kabla hujafungua, la sivyo itatokwa na jasho.

Mzee hakuuza kwa kilo. Tulitenga nakala zisizokamilika zipatazo 20, zikaenda kwa mnunuzi. Zilizobaki tunaziandika kwenye daftari moja baada ya nyingine: jina, nambari, kurasa zilizopotea, nani alizinunua na wapi. Karo bado tunaitafuta njia nyingine.