Uchafu wa Tangi la Samaki

Wengi wenu mmepata kuliona pipa la samaki la chama chetu cha Elimu ya Viumbe. Mnajua pia kwamba muhula uliopita samaki saba kati ya kumi na mmoja walikufa. Mkosaji nilikuwa mimi. Nimeona yafaa niwaeleze sababu yake, ili yeyote atakayefuga samaki, awe hapa Nangwa au pwani, asirudie kosa langu.

Watu wanaofuga samaki wa baharini katika matangi ya kioo huunganisha tangi kubwa na tangi la pili, dogo, ambalo hawatii samaki ndani yake. Humo huotesha mwani, na wadudu wadogo wa majini hupata mahali pa kujificha wasiliwe. Tuliite tangi la maficho. Maji huzunguka polepole kutoka tangi kubwa kwenda maficho, kisha hurudi. Sisi tuko mbali na bahari, basi tuliuiga mpango huo kwa maji baridi: pipa la lita 200 lenye perege, na juu yake beseni lenye changarawe na majani ya maji. Wenye zamu huchota maji ya pipa asubuhi na jioni na kuyamimina katika beseni, nayo hurudi pipani kwa mpira.

Kazi ya maficho ni hii. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki vikioza hutoa amonia, ambayo ni sumu. Samaki mwenyewe pia huitoa kwa mashavu yake. Vijidudu viitwavyo bakteria, vinavyokaa juu ya changarawe na kuta, huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Bakteria wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, isiyo kali sana. Mwani na majani hutumia amonia na naitreti kama shamba litumiavyo mbolea.

Jambo hili limejaribiwa katika nchi yetu. Huko Makoba, Unguja, yako mabwawa ya samaki yanayopata maji ya bahari wakati wa kujaa. Wataalamu Flower Msuya na Amir Neori walipanda mwani katika mifereji ya maji yatokayo mabwawani, na mwaka 2002 walitangaza kwamba mwani huo waweza kuyasafisha maji hayo kabla hayajarudi baharini.

Lakini mwani hunywa kile kilichoyeyuka tu. Uchafu mzito hubaki. Kwa kuwa katika maficho maji huenda polepole, uchafu hutua hapo na kuwa tope. Tope likizidi, hewa haifiki chini, nalo huwa jeusi na kunuka kama yai viza. Hapo ndipo nilipokosea.

Ilikuwa karibu na siku ya wazazi, nami nilitaka pipa letu ling'ae. Nilimwaga maji yote, nikasugua kuta kwa brashi, nikatupa tope lote na changarawe, nikaweka changarawe mpya. Wageni walisifu sana. Nami kwa furaha niliwamwagia samaki pumba mara mbili zaidi ya kawaida. Siku ya sita asubuhi mdogo wetu wa Kidato cha Kwanza alinijia mbio, akasema, "Kaka, samaki wanahema juu ya maji." Kufikia Jumamosi walikuwa wamebaki wanne.

Mwalimu alinieleza kwamba pamoja na uchafu nilikuwa nimewatupa bakteria waliokuwa wakiulinda uhai wa samaki. Amonia iliongezeka, wala hapakuwa na wa kuigeuza.

Sasa twafanya hivi. Kwanza, chakula ni kidogo, kile kinachokwisha katika dakika chache. Pili, kila juma twafyonza kwa mpira sehemu ya tope, pasipo kulikoroga, na kutoa kiasi cha moja ya tano ya maji. Tatu, twavuna majani yaliyozidi, maana yakifa hurudisha ule uchafu yaliokwisha kula. Nne, changarawe yaoshwa nusu tu, tena kwa maji ya pipa lenyewe.

Mwenye tangi la maji ya bahari hufuata njia hiyo hiyo, ila aangalie chumvi. Kilo moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Maji yakikauka kwa jua chumvi haipotei, kwa hiyo yaliyokauka hufidiwa kwa maji baridi, na yale yaliyotolewa na tope hufidiwa kwa maji ya chumvi. Maji ya Ziwa Balangida hayafai, kwa kuwa chumvi yake si sawa na ya bahari.

Wale samaki walinunuliwa kwa michango ya wanachama, na wengine walitoa fedha zao za sabuni. Nimekwisha kurudisha sehemu yangu, na perege wanne waliobaki wazima. Nawaomba wadogo zangu mtakaolirithi pipa hili mkumbuke: uchafu wa tangi hupunguzwa kidogo kidogo, haufagiliwi wote kwa siku moja.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne