Lebo ya Kukaa Kwenye Zege

Lebo zikibanduka kwenye makalavati, wenye viwanda hulaumu jua na mvua. Vinachangia, lakini adui wa kwanza ni zege lenyewe. Saruji ikikutana na maji huzalisha chokaa, na maji yaliyomo ndani ya zege bichi huwa na pH ya 12 hadi 13. Ukali huo hula gundi nyingi za kawaida. Hula hata poliesta, plastiki inayosifiwa madukani kwa ugumu.

Kabla ya bei, basi, muulize muuzaji kama gundi yake inahimili chokaa na inashika penye vinyweleo. Karatasi iache kwa mzigo unaoondoka leo. Polipropilini na poliethilini huvumilia chokaa kuliko poliesta. Maandishi yachapwe kwa printa yenye utepe wa resini. Ya utepe wa nta hufutika yakiparuzwa na tofali la jirani. Wino uwe mweusi wa kaboni. Mwekundu umeshauona kwenye mabango ya barabarani: unaishia pinki.

Usinunue katoni nzima kwa maneno ya muuzaji. Piga brashi kipande cha zege, bandika lebo, kimwagilie kila siku kama bidhaa zako, kisha vuta ukingo kwa kucha. Ikitoka na unga mweupe mgongoni, gundi haina kosa: imeshika vumbi tu, kwa sababu brashi haikupita vizuri. Ikitoka na gundi iliyolegea kama ute, chokaa imeshaila, tafuta nyingine.

Kwa vitofali vya kupanga sioni hata haja ya kugusa zege. Mzigo ukishafungwa nailoni, bandika juu ya nailoni. Kalavati na nguzo ni habari nyingine, kwani hukaa uwanjani miezi. Huko jina la kiwanda na kipenyo vichongwe ndani ya kalibu, vitokee kwenye zege lenyewe, visibanduke kamwe. Lebo ibaki na yale yanayobadilika: namba ya mkupuo na tarehe ya kumwaga zege.

Tarehe hiyo ndiyo yenye thamani kuliko yote. Nguvu ya zege kwa desturi hupimwa likifikisha siku 28, na kwa macho huwezi kutofautisha kalavati la wiki moja na la mwezi. Nawe mnunuzi, lisilo na tarehe usilipokee.