Ubao wa Theluji: Tazama Kiatu Kabla ya Ubao

Kwetu sisi tuliosomea chuoni, neno ubao lina maana yake. Ni kile kipande cha mti tulichoandikiwa sura kwa wino, tukaikariri hata ikatua kifuani, kisha tukakiosha ili tuandikiwe nyingine. Leo nataka kumpa msomaji habari za ubao wa namna nyingine kabisa, ule ambao vijana wa nchi za baridi huupanda kwa miguu miwili, wakateleza nao juu ya theluji kutoka kilimani hadi bondeni. Wenyewe huuita snoubodi. Mimi nitauita ubao wa theluji.

Msomaji asiharakishe kusema kwamba jambo hili halituhusu. Ziko nyumba nyingi mwambao huu zenye mtoto Toronto, Minneapolis au Oslo, na baridi ya huko si ya wiki mbili. Anayejifungia ndani majira yote hayo husinyaa roho. Hata Dubai, waliko jamaa zetu wengi, na joto lake tunalijua, tangu mwaka 2005 pana ukumbi wa theluji ndani ya jengo la maduka, na mteremko wake mrefu kuliko yote una mita 400. Tena katika Michezo ya Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998, ambayo ndiyo ya kwanza kuukaribisha ubao wa theluji, Mkenya mwenzetu Philip Boit alishindana katika mbio za ski za kilomita 10. Alifika wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamngoja penye mstari ili amkumbatie. Basi theluji hatukuisikia jana.

Lililonisukuma kushika kalamu ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye kazi yake ni kuoka mikate mjini Calgary, Kanada. Calgary ndio mji uliokuwa mwenyeji wa Olimpiki ya baridi ya mwaka 1988, na kilima kimoja cha michezo ile kimo mumo humo mjini. Wanaoanza hufundishwa hapo. Nilipomzuru, wenzake wa kazini walikuwa wamemwalika kujifunza ubao. Akaniambia, "Mjomba, nifuate dukani ukanisaidie kuchagua."

"Mwanangu," nikamjibu, "mimi huchagua nazi."

Akacheka, tukaenda. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa na wasiwasi wa mikono yake. Mikono ile ndiyo ikandayo unga, na ujira wake ndio ununuao dawa za presha za mamake huku Mombasa. Kifundo kimoja cha mkono kikivunjika, nyumba mbili zitalala na njaa, moja huko na moja huku. Kwa hiyo siku iliyotangulia nilikuwa nimemtafuta mwalimu wa mchezo huo pale kilimani, nikamkalisha chini kwa kahawa, nikamwuliza kila nilichoweza.

Dukani mbao zimetundikwa ukutani kama mazulia ya Kiajemi. Hii ina chui, ile ina ndimi za moto, nyingine imechorwa mafuvu ya watu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini wahenga hawakuliona duka lile, maana pale kila kitu chajiuza, chema na kibaya. Kijana wa duka, mwungwana kwa kweli, akatuongoza moja kwa moja hadi kwenye ukuta ule. Mimi nikaomba tuanzie kwenye viatu.

Sababu yangu imo katika historia ya mchezo wenyewe. Mwaka 1965, huko Muskegon, jimbo la Michigan, Marekani, Bwana Sherman Poppen aliunganisha ski mbili ili wanawe wa kike wateleze wakiwa wamesimama. Mkewe akakiita kifaa hicho Snurfer, nacho kikauzwa kwa wingi. Kilikuwa na kamba ya kushika mkononi upande wa mbele, lakini miguu ilikaa juu yake hivi hivi, haikufungwa. Kilibaki kuwa kitu cha kuchezea. Miaka ya 1970 mafundi kama Jake Burton Carpenter, aliyeanza kampuni yake Vermont mwaka 1977, na Tom Sims, waliuendeleza ubao wenyewe na namna ya kuufunga mguu juu yake. Hapo ndipo mtu alipoanza kuutawala. Amri yote hutoka mguuni: ukiegemea vidole, ubao hupinda upande mmoja; ukiegemea kisigino, hupinda upande wa pili. Kiatu kikilegea, amri haifiki, na ubao hujiendea utakako.

Buti la ubao huchaguliwaje? Kwanza, pima wayo wako kwa sentimita, kisigino kikiwa ukutani, kwa kuwa buti hizi hupimwa kwa urefu wa wayo. Vaa soksi moja tu, ya sufu au ya nailoni, si ya pamba, wala si mbili. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti, virudi nyuma viache kugusa. Kisha jaribu kuinua kisigino. Kikipanda ndani ya buti, livue, hata kama ni zuri namna gani. Ndani huwa pana kitambaa kinene ambacho baada ya siku chache hulainika na kutanuka, kwa hiyo buti lililo raha mustarehe dukani litakuwa pwaya kilimani. Mpwa wangu alivaa jozi sita. Jozi ya nne nilimwambia atembee nayo robo saa huku mimi nikisoma gazeti, na ndiyo tuliyoirudia.

Kuhusu ubao wenyewe, tulikwisha kuamua kwamba hatununui. Angekodi kule kilimani pamoja na vifungio na mwalimu, walau mara tatu nne za mwanzo. Ubao wa mwanafunzi hautamfaa akishajua, na mamia ya dola si mchezo kwa mwoka mikate. Lakini hata anayekodi yampasa ajue anachopewa. Watu watakwambia usimamishe ubao, ukifika kati ya kidevu na pua ndio wako. Hiyo si mbaya kwa kubahatisha, ila kilicho muhimu zaidi ni uzito wa mtu, na watengenezaji huchapisha jedwali la uzito kwa kila ubao. Mwenye mguu mkubwa atake ubao mpana, ama sivyo ncha za buti zitaburura thelujini na kumwangusha. Na uwe laini, unaopindika kwa urahisi. Ule mgumu ni wa mbio na wa mabingwa.

Kisha ulaze ubao sakafuni uutazame kwa ubavu. Ziko mbao zilizoinuka katikati kama upinde, na ziko zilizoinuka ncha mbili kama mtumbwi. Anayeanza achukue wa mtumbwi. Pembeni mwa ubao mna kingo za chuma, na ukingo ukishika theluji kwa ghafula, mtu hubwagwa kama gunia la chumvi. Huu ulioinuka ncha haunasi upesi. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini chombo huinuliwa omo.

Vifungio navyo vilingane na ukubwa wa buti. Kabla ya kuvifunga, lazima ijulikane ni mguu upi utakaotangulia. Mpwa wangu alivua viatu akateleza kwa soksi kwenye sakafu ya jikoni, na wa kushoto ukatangulia wenyewe, kama walivyo wengi. Mwalimu alimfungia nyayo zikitazama nje pande mbili, mtindo ambao wao wenyewe huufananisha na miguu ya bata. Si mkao wa heshima sana, lakini unafaa.

Tuje kwenye nguo, ambako pesa zetu zilikwenda kwa haki. Pamba, rafiki yetu wa Mombasa, huko ni adui: hunywa jasho, hailiachi, na baridi ikiikuta humganda mtu ngozini. Chini kabisa huvaliwa fulana ya sufu au ya nyuzi za kiwandani, katikati sweta jepesi la manyoya ya kiwandani, juu koti lisilopenya maji. Utaona imeandikwa 10,000 au 15,000. Maana yake ni milimita za kimo cha maji ambayo kitambaa kinaweza kuyahimili kabla hakijavuja, na 10,000 yatosha kwa anayeanza. Mimi nasema suruali itangulie koti. Mwenye ski huanguka na kuinuka. Mwenye ubao hukaa kitako kwenye theluji, hukaa afunge, hukaa apumzike, hukaa kwa kuwa ameangushwa. Mwenye suruali iliyolowa atarudi nyumbani saa nne asubuhi.

Kichwani helmeti, na hiyo lazima. Mpwa wangu huvaa mtandio, akapata wa michezo, mwembamba, usio na pindo wala pini, tukaijaribu helmeti juu yake pamoja na miwani ya theluji ili pasibaki mwanya penye paji la uso. Siku ya mawingu kioo cha njano au cha waridi huonyesha mabonde madogo. Siku ya jua hutakiwa cheusi.

Nimekiacha nyuma kifundo cha mkono, ingawa ndicho kilichonipeleka dukani. Majeraha ya wanaoanza ubao huwa hapo zaidi kuliko penginepo, kwa sababu mtu akianguka hutanguliza kiganja. Vipo vikinga-kifundo vyenye kipande kigumu, huvaliwa ndani ya glavu, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na koti. Kijana wa duka hakuvitaja. Tuliviulizia tukaletewa kutoka rafu ya chini kabisa. Mwalimu akamfundisha na kukunja ngumi anapoanguka, aangukie mikono ya mbele badala ya viganja.

Mitumba ipo huko pia, na mwanzoni mwa majira huuzwa kwa wingi. Suruali na koti chukua bila hofu. Ubao ukague kingo kama zina kutu na ubavu kama umeachana. Buti lililovaliwa sana limekwisha kuujua mguu wa mtu mwingine. Helmeti ya mtumba usiiguse, kwa sababu haikwambii iliwahi kugonga nini.

Mwisho wa siku mpwa wangu alitoka dukani na buti, suruali, helmeti, miwani, vikinga-kifundo na glavu pana za kidole gumba kimoja, ambazo hushika joto kuliko za vidole vitano. Koti aliazima kwa mwenzake. Ubao wenye chui ulibaki ukutani. Kila arudipo kilimani huvitoa vitambaa vya ndani vya buti, akaviacha vikauke usiku kucha mbali na hita, maana joto kali huviharibu.