Mbegu ya Mkoko Katika Daftari la Imla



Wazazi wenzangu, juma hili nawaandikia juu ya kosa nililolitenda mwenyewe, tena chuoni, mbele ya watoto. Baada ya swala ya alasiri nilikuwa nikisahihisha madaftari ya imla. Nilipolifungua la mjukuu wangu, binti wa miaka tisa, nikaona pambizo zote za ukurasa zimejaa michoro: vitu virefu vilivyopindana, vyenye vichwa vidogo na miili kama ya nyoka. Sikuuliza. Niliuchana ukurasa ule, nikamwambia kwamba daftari la chuo si mahali pa kuchora viumbe. Aliinama, akasema, "Haya, babu."

Tangu siku hiyo akawa mnyamavu. Mtoto ambaye sauti yake ya kusoma juzuu ilikuwa ikifika barazani, sasa ilinibidi nimtegee sikio. Nami nikadhani ni adabu imemwingia! Aliyenizindua ni bibi yake, aliyeniita juu makutini. "Njoo uwaone nyoka wako," akaniambia.

Palikuwa na sinia kuukuu. Ndani yake mlikuwa na mbegu tatu za mkoko, majani ya mchu, kipande cha makaa, na kikombe alimoroweka magome ya mkandaa mpaka maji yakageuka rangi ya chai kavu. Chini ya sinia kulikuwa na karatasi za kalenda za miaka iliyopita, zimechorwa upande wa nyuma. Nyoka wangu walikuwa ni mbegu za mkoko.

Anayeishi Lamu na asiitazame mbegu hiyo, kama nilivyokuwa mimi, ana hasara. Haingoji kuanguka ndipo iote. Huota ingali juu ya mti mamaye, ikateremsha kijiti cha kijani kirefu kama mkuki, ncha imechongoka, na juu yake limebaki tunda dogo la kahawia mfano wa kofia. Ikikomaa hudondoka, ikajichomeka topeni, au ikachukuliwa na maji hadi pwani nyingine. Mtoto aliona hayo alipovushwa na mjomba wake kwa mashua hadi ng'ambo ya Manda, akayachora sawasawa. "Kichwa" nilichokiona mimi kilikuwa ile kofia.

Kwenye karatasi nyingine palikuwa na jani la mchu lenye nukta nyingi. Nikamuuliza, safari hii kwa upole, nukta hizo ni nini. Akasema, "Ni chumvi, babu. Lilambe uone." Nikalilamba. Kweli mti ule huitoa chumvi ya bahari kupitia majani yake. Nina umri wa zaidi ya miaka hamsini, na elimu hiyo nimeipata kwa mtoto wa miaka tisa.

Mas-ala ya picha yana maelezo marefu kwa wanavyuoni, wala sikusudii kuyamaliza hapa. Lakini imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba mtu mmoja alimjia Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu awawiye radhi yeye na babake, akasema kuwa riziki yake hutokana na kutengeneza picha. Ibn Abbas alimsimulia onyo la Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, hata yule mtu akafazaika. Kisha akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Hadithi hii nimeisomesha mara nyingi. Siku ya haja sikuikumbuka, kwa kuwa sikutazama nilichokuwa nikikihukumu.

Na wazee wetu walikuwa wakitazama. Misahafu iliyonakiliwa kwa mkono Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na 19, imepambwa pambizoni kwa maua na mistari iliyosukana, kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Milango ya mji wetu wa Lamu imejaa majani na maua ya kuchonga. Fundi mmoja wa milango, jirani yetu, alipoziona zile karatasi aliishika moja muda mrefu, akauliza, "Hili amelitoa wapi?" Nikamwonyesha ng'ambo ya maji.

Nilimwomba mtoto radhi. Najua wako wazee wenzangu watakaosema mwalimu akimwomba radhi mwanafunzi heshima huondoka. Kwangu bado haijaondoka. Ukurasa niliouchana nimeutafuta nisiupate. Daftari la imla limebaki la imla, hilo sikulilegeza. Nimemnunulia jingine lisilo na mistari, na nimemchongea kalamu mbili za mwanzi, ambazo sasa azitumia pia kujifunza khati. Sauti yake imerudi, ingawa akifika mahali penye shaka bado hunitazama kwanza.

Alhamisi iliyopita, chuo kikiwa kimefungwa, tulivuka sote wawili. Maji yalikuwa yamekupwa. Alikaa juu ya ukingo wa mashua akachora matundu kwenye tope, na vidonge vidogo vya tope vimeyazunguka kama shanga, kisha vijistari vyembamba kutoka tundu hili hadi lile.

"Na kaa mwenyewe yuko wapi?" nikamuuliza.

"Sikumchora, babu. Nimechora alikopita."